Bidon ya Kasiksi Niliyokataa Kubeba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi hii ya kutembelea watoto waliofungwa, mwanangu, sikuwa ndani ya gereza. Nilikuwa katika kijiji cha Miti, katika ua wa mtu nisiyemjua, nimevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri, na mbele yangu kuna kreti ya soda ambayo hakuna mtu aliyetaka kuigusa. Mzee mwenye ua aliniangalia muda mrefu, kisha akauliza: «Na pombe iko wapi?»

Nitafika hapo. Kwanza unisamehe kwa kukuita mwanangu. Mimi bado si mzee. Vijana wapya wa kundi letu la parokia walianza kuniita maman nilipovuka miaka thelathini. Mwanzoni nilinuna, sasa nimezoea. Nikaona kwamba kama nimepewa jina la wakubwa, basi nifanye na kazi ya wakubwa, yaani kutoa nasaha. Nakupa wewe kabla hujaingia kwa mara ya kwanza katika ule mlango wa chuma, kwa sababu nimekuona ukikunja karatasi za nyimbo na kuzikunjua tena ili pembe zikutane. Nikajiambia, huyu ni ndugu yangu kabisa.

Mimi niliacha shule katikati ya sekondari, baba alipofariki. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe: kuandika vizuri, kusoma Biblia kwa kulinganisha sehemu na sehemu, kusimama mbele ya watu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wake. Anaogopa kwamba siku moja mtu atasimama katikati ya mkutano aseme, huyu hakusoma. Kwa hiyo kila kitu nilikifanya kisha nikakirudia. Hata sala ya kufungua nilikuwa naiandika nyumbani na kuijaribu mbele ya kioo.

Wavulana pale ndani waliniona upesi. Watoto waliofungwa wanasoma watu, kwa sababu hawana kitu kingine cha kusoma. Nilikuwa naweka saa yangu juu ya meza: wimbo, Neno, maswali, kisha chakula, ugali na sombe ya majani ya mihogo. Jumamosi moja mmoja wao alianza kulia katikati ya wimbo, nami nikamwambia kwa upole kwamba tutamsikiliza wakati wa maswali. Kutoka nyuma sauti ikapanda:

«Madame Programme! Leo kulia iko saa ngapi? Mbele ya sombe ao nyuma?»

Wakacheka wote, hata yule aliyelia. Nami nilicheka. Kisha nilirudi nyumbani nikakaa na lile neno usiku kucha.

Kati yao alikuwepo Akonkwa, mvulana wa miaka kama kumi na tano, mwembamba, mwenye tabia ya kufagia mahali ambapo pameshafagiliwa. Kosa lake lilijulikana na wote, maana pale ndani hakuna siri. Baba yake alikufa mapema, na aliyemlea ni kaka mkubwa wa baba yake, Papa Zihalirwa, mkulima wa Miti. Akonkwa ndiye aliyechunga ng'ombe wa pale nyumbani. Siku moja aliswaga ndama mmoja mpaka Kavumu pamoja na marafiki, wakamuuza kwa wachinjaji. Papa Zihalirwa alipojua, alimshika mkono mwenyewe akampeleka polisi. Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kumuona. Hata sabuni alikuwa anapata kwetu.

Jumamosi moja mtumishi wa jamii anayefuata kesi za watoto alituambia kwamba hakimu yuko tayari kumwachilia Akonkwa. Alhamisi inayofuata watamleta mbele yake. Lakini hakimu hawezi kumwachia mtoto barabarani: mtu wa nyumbani lazima aje aseme, huyu ni wetu, tunamchukua. Asipokuja mtu, mtoto anabaki, na kesi inawekwa chini ya kesi nyingine, na hakuna anayejua itatoka lini.

Akonkwa alinivuta pembeni. Alikuwa na ufagio mkononi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

«Yaya, weye njo unajua kusema muzuri. Uende unionee baba mukubwa.»

«Nitamwambia nini?»

«Umuambie...» Akafagia kidogo. «Umuambie tu niko naomba. Weye utapata maneno.»

Mwanangu, hujui jinsi sentensi ile ilivyonipanda kichwani. Utapata maneno. Mtu mzima asiyemaliza shule, na mtoto anamwambia kwamba yeye ndiye mwenye maneno!

Kiongozi wetu wakati ule alikuwa Maman Nsimire, mjane, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alikuwa mnene, mcheshi, na akikuita kwa jina lako lote la ubatizo ujue kuna shida. Siku ile alikuwa anaondoka kwenda Walungu kwenye kilio cha shemeji yake, angerudi Jumanne.

«Usiende peke yako,» akaniambia. «Ungoje. Jumatano tutaenda wote wawili, tutabeba kasiksi, nitaomba mimi. Sisi Bashi tunaombana msamaha na pombe, unajua.»

Nilijua. Ni nani aliyezaliwa kwetu asiyejua? Aliyekosa anatuma watu wazima na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa yule aliyekosewa. Aliyekosewa akinywa, na wale waliokuja wakanywa katika kibuyu kilekile, neno limeisha. Nilijua vizuri, na ndiyo sababu sikungoja.

Baba yangu alikunywa. Sitasema zaidi, yuko mbele ya Mungu. Siku nilipojiunga na kikundi cha maombi niliahidi mbele ya altare kwamba mimi pombe sitainywa wala sitaigusa, na neno lile la pili hakuna aliyeniomba, nililiongeza mwenyewe. Nilikuwa nimelishika kwa miaka. Kwenye harusi nilikuwa nasogeza kiti changu mbali na meza yenye chupa. Basi nikajiambia kwamba Jumatano iko karibu mno na Alhamisi, kwamba Maman Nsimire anaweza kukwama njiani, kwamba Neno la Mungu lina nguvu kuliko kasiksi. Sababu zote zilikuwa nzuri. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Sikutaka kuonekana njiani na bidon, dumu la pombe.

Jumatatu asubuhi nilinunua kreti ya soda sokoni Nyawera, mjini Bukavu, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria. Motard, mwenye pikipiki, akaniwekea kreti mapajani akaniangalia, kitenge, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwenye mfuko.

«Yaya, unaenda kuolewa ao kuoa?»

«Naenda kupatanisha watu.»

«Na sucré?» Akatazama soda zangu, akawasha moto yake. «Haya, Mungu akusaidie.»

Hata yeye aliona. Njia nzima mpaka Miti nilikuwa narudia hotuba yangu.

Papa Zihalirwa alikuwa ameketi na wadogo zake wawili karibu na zizi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti la suti na malapa miguuni. Alinipa kiti. Sikuketi, kwa sababu hotuba nilikuwa nimeijaribu nikiwa nimesimama. Nilianza na mwana mpotevu, nikapitia msamaha wa saba mara sabini, nikafika kwa hakimu na Alhamisi. Sikukosea hata neno. Nilipomaliza, kuku tu ndio waliokuwa wanasema.

«Wewe ni nani wa huyu mutoto?» akauliza.

«Mimi ni... wa parokia, papa. Tunatembelea watoto.»

«Ni shangazi yake?»

«Hapana, papa.»

«Umekuya na mukubwa gani?»

«Nimekuja peke yangu.»

Akaangalia kreti. Hapo ndipo alipouliza swali lile la pombe. Nami, mwanangu, kwa sauti yangu ya kanisani, nilimjibu: «Papa, sisi wa kikundi cha maombi hatushiki pombe.»

Mdogo wake mmoja akacheka puani. Papa Zihalirwa hakucheka.

«Kumbe sisi ni bachafu,» akasema polepole. «Umetoka Bukavu kunifundisha kusamehe, na mikono yako inaogopa kitu chenye baba yangu alisamehea batu. Sawa. Rudisha sucré yako, batoto ba hapa habana kiu. Na kwa juge, kwa ule hakimu wenu, siendi.»

Alisimama akaingia ndani. Watoto waliokuwa wamekusanyika kutazama chupa za Fanta walitawanyika wenyewe bila kuambiwa. Mvua ilianza kabla sijafika barabarani, na yule motard alikuwa ameshaenda zake.

Jumanne nilikwenda Kadutu kwa Maman Nsimire kabla hata hajafungua mzigo wake wa safari. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nilimwambia yote nikilia, na katika kulia kwangu bado nilikuwa najitetea. Nilisema ahadi ni ahadi. Nilisema Mungu ameona nia yangu. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe mpaka nikamaliza.

«Marie-Espérance,» akasema, na mimi nikajua. «Ulienda kuombea mutoto, ao ulienda kuchunga usafi yako?»

Nilifuta macho kwa pembe ya kitenge.

«Kila Jumamosi unabaambia bale bavulana Mungu haogope uchafu yabo. Haogope wizi, haogope damu. Na bengine banakuamini, nimebaona. Weye umeogopa bidon.»

«Maman, unajua baba yangu...»

«Baba yako nilimujua mbele yako.» Sauti yake ikalegea. «Hakuna mutu alisema unywe. Nilisema tubebe. Ile pombe haiko juu ya kulewa, mama. Ni mulango. Mutu akikukosea, kinywa chako kinafungana, huwezi kusema naye, huwezi kula naye. Kasiksi inakupa fasi ya kuanzia, bila kutafuta maneno. Weye ulimuletea maneno peke, na maneno njo ile hakukuwa nayo. Ulitaka akujibu na nini?»

Kisha akanisogezea ungo wa maharagwe. Tulichambua pamoja. Nilikuwa na hofu moja tu wakati ule, na kwa mara ya kwanza haikuhusu jina langu: kwamba Alhamisi Akonkwa ataangalia mlango wa baraza la hakimu, na hakuna mtu atakayeingia, na sababu itakuwa mimi.

Jumatano tulishuka kwenye moto barabarani Miti, karibu na akina mama wanaouza kasiksi. Maman Nsimire alionja kwanza, akakataa ya mmoja, akasifu ya mwingine, akanunua bidon mbili ndogo. Alinyoosha mkono kuchukua moja, nikamwambia hapana, zote mbili nitabeba mimi. Nilizifunga kwa kamba, nikapitisha kamba kwenye paji la uso jinsi mama zetu wanavyobeba, nikainama. Kifuniko kimoja hakikufunga vizuri. Kasiksi ilinimwagikia shingoni ikashuka mgongoni chini ya blauzi, na harufu ile ilikuwa harufu ya baba yangu akiingia nyumbani. Nilitembea nayo njia yote. Watu walinisalimia kana kwamba hakuna kitu, kwa kuwa kwao hakukuwa na kitu: mwanamke amebeba bidon.

Papa Zihalirwa alituona tangu mbali. Safari hii aliagiza mkeka. Maman Nsimire alimsalimia kwa Mashi, lugha ya kwao, akauliza habari za ng'ombe, za mihogo, za mgongo wake, na habari zikachukua muda wake wote. Hakutaja mwana mpotevu. Alisema tu kwamba tumekuja kwa niaba ya mtoto asiye na baba, tukijua amekosa. Kisha akanigeukia. Sikuwa nimeandika kitu.

«Papa,» nikasema, «juzi nilikukosea hapa kwako. Naomba unisamehe.»

Yalikuwa hayo tu. Aliitikia kwa kichwa, akaita kibuyu. Akamimina, akanywa yeye kwanza, akampa Maman Nsimire, ambaye alikunywa bila haya akajifuta midomo. Wadogo zake wakanywa. Kibuyu kikazunguka kikafika kwangu.

Nilikishika. Nataka uelewe, mwanangu: nilikuwa nimeamua kunywa. Nilijiambia, acha ahadi ivunjike, acha mtoto arudi. Lakini mikono yangu ilikuwa inatikisika mpaka kasiksi ikamwagika kwenye vidole. Papa Zihalirwa aliona. Aliinama, akakitoa kibuyu mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayechukua mtoto aliyelala, akampa mtu wa pili.

«Huyu alibeba,» akawaambia wadogo zake. «Kubeba kwake nimeona, hata nguo yake inanuka. Inatosha.»

Mtu niliyemwogopea uchafu wake ndiye aliyenilindia ahadi yangu. Niliinamisha kichwa, nikapangusa vidole kwenye kitenge.

Alipokunywa mara ya pili, kinywa chake kikafunguka kweli. Alituambia kwamba yule ndama, siku ya kuzaliwa kwake, ni Akonkwa aliyemvuta kwa mikono yake, mvua ikinyesha, mama ng'ombe akikaribia kufa. Akonkwa ndiye aliyempa jina. «Ng'ombe ni ng'ombe,» akasema. «Bangeiba bale ba barabara ningelia siku moja. Lakini asubuhi ile tulikula naye viazi. Nilimumenyea cha kwangu. Alikula, akaniangalia, akaenda kuuzisha.» Akaangalia zizi. «Njo ile inaniuma. Viazi.»

Maman Nsimire hakumwambia asamehe. Alisema, «Inauma kweli, papa,» akarudia, «inauma kweli.»

Bidon ya pili ilikuwa bado imefungwa. Nilitaka kuifungua, akanizuia kwa mkono.

«Ile ibaki. Ile haiko yenu. Atakuya kunimiminia yeye mwenyewe.»

Alhamisi alikuja Bukavu katika koti lile lile la suti, na viatu. Alifika amechelewa, nami nilikuwa nimeshakufa mara nyingi pale kwenye benchi. Akonkwa alipomwona alitazama chini. Hakimu, mwanamke kijana mwenye haraka, akauliza kama familia inampokea mtoto.

«Ni mutoto wetu,» akasema Papa Zihalirwa. «Kuko kazi inamungojea kwangu.»

«Kazi gani?»

«Kumimina.»

Hakimu aliangalia mtumishi wa jamii, mtumishi wa jamii akamwangalia Maman Nsimire, na Maman Nsimire akajifanya anatafuta leso kwenye mkoba. Karatasi ikasainiwa.

Sitakudanganya kwamba yote yalinyooka. Akonkwa alirudi Miti, lakini ng'ombe hakupewa kuchunga kwa muda mrefu, na alilalamika sana. Mke wa Papa Zihalirwa alikuwa anaficha funguo. Mara moja Akonkwa alikimbia, akalala Kavumu, akarudi mwenyewe. Lakini alirudi nyumbani, mwanangu. Alikuwa na nyumbani pa kukimbia na nyumbani pa kurudi. Wenzake wengi pale ndani hawana.

Basi sikiliza ninachotaka kukuambia. Utakapoingia pale, jiandae. Mimi sipendi mtu anayekuja bila kuandaa. Lakini mtoto akilia katikati ya wimbo wako mzuri, uache wimbo. Ukitumwa kwa familia ya mtoto, usikimbilie maneno yako. Kwanza uliza, mtu huyu aliyekosewa anahitaji nini ili aweze kufungua kinywa? Labda ni pombe, labda ni kuketi tu kwenye mkeka wake usikilize habari ya viazi. Chochote kile, kibebe wewe mwenyewe, hata kama kinakunukia vibaya. Usiende peke yako. Enda na mtu mzima anayejua kusalimia. Na ahadi zako kwa Mungu uzishike, lakini usizigeuze fimbo ya kuwaonyesha wengine kwamba ni wachafu. Mungu anajua kukulindia ahadi zako. Wakati mwingine anatumia mtu uliyemdharau.

Na ukikosea, kwa maana utakosea, usikae na kosa lako nyumbani ukilipiga pasi. Mtoto anangoja Alhamisi. Rudi Jumatano.

Mungu aliyekuleta katika kazi hii akupe mikono isiyochagua mzigo. Akupe mkubwa wa kukukemea na kukuchambulisha maharagwe. Kila mlango utakaobisha kwa ajili ya watoto wale ufunguke, na ule usiofunguka leo akupe nguvu ya kuurudia. Enda na amani, mwanangu, na watoto wetu watoke pale wakafike kwao.